Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Ukipita barabara ya lami ya Katesh leo, baada ya stendi, utaona gesti ya ghorofa moja yenye vigae vya bluu. Mlinzi anakaa mlangoni anasikiliza simu. Vijana wanaijua gesti tu. Ukiwaambia pale palikuwa na mashine ya kusaga wanakuitikia "ndiyo bibi" kwa sauti ile ya kumtuliza mtu aliyeanza kupotea. Wala sigombani nao. Lakini mimi nikipita pale shingo inageuka yenyewe kuelekea nyuma, kwenye karo la maji machafu, maana pale palikuwa na ukuta wenye kivuli, na kwenye kivuli kile nilikuwa na mwenzangu. Nilimpoteza, na kwa miaka mingi sikujua nilimpoteza kwa lipi. Hicho ndicho ninachotaka kusimulia. Gesti hainihusu.

Niliteremshwa Katesh nikiwa bibi harusi, kutoka Nambis, kwenye baridi na ukungu na mashamba ya maharage. Kwetu ukimwaga maji yanatuama. Hapa ardhi inayanywa kabla hujaweka ndoo chini. Kiangazi upepo unapanda kutoka upande wa Ziwa Balangida na vumbi jeupe la magadi, unalala nalo, unaamka nalo, unalitafuna kwenye ugali. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano. Aliondoka Jumatatu alfajiri, akarudi mwisho wa wiki amechoka, akala, akalala. Siku za katikati nilikuwa mimi na kuta nne. Upweke wa mji mdogo, wee acha tu. Kijijini ukinyamaza mtu anakuja kuuliza kulikoni. Mjini ukinyamaza wanasema ana maringo.

Wanaume walikuwa na pa kwenda. Walikuwa na baraza ya duka la ushirika, ambako redio moja ilisikilizwa na watu wote na kila mmoja akawaeleza wenzake alichosikia, kana kwamba wao walikuwa viziwi. Walikuwa na kilabu cha pombe chini ya stendi. Enzi za ruksa zilipoingia na kila mtu akawa mfanyabiashara, wakapata na kibanda cha video, giza tupu na jasho. Vyote hivyo havipo sasa. Sisi wanawake tulikuwa na bomba na mashine. Bombani tuligombana. Mashineni tulipumzika.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja Mrangi, mpole kwa watu na bahili kwa dizeli. Hakuwasha injini kwa ajili ya debe moja. Alingoja mpaka foleni ya vyombo ifike kwenye mti wa kona ndipo anavuta kamba, na injini inakohoa, na mabati yote yanatetemeka. Foleni ilikuwa ya vyombo, siyo ya watu. Unaweka debe lako au gunia lako mstarini, unakwenda kukaa nyuma kwenye kivuli, na chombo kinakusubiria. Wengine walitoka Gitting, wengine Gehandu kwa punda, na mtu aliyetoka mbali vile harudi nyumbani bila unga, kwa hiyo tulikaa. Asubuhi mpaka alasiri. Na ukishasagiwa hukimbii, maana unga unatoka wa moto. Unaumwaga kwenye kitenge upoe, ukiufunga hivyo hivyo unavunda. Ukiniuliza, ule ndio ulikuwa muda mzuri kuliko wote, kukaa kando ya unga unaopoa.

Siku niliyompata, upepo ulikuwa mkali. Kulikuwa na mama mmoja Mbarabaig, sketi ya ngozi, shaba shingoni na mikononi, mtoto mchanga mgongoni. Aliweka mfuko wake wa ngozi mstarini nyuma ya debe langu na akaja kukaa mbali kidogo na sisi. Upepo ukausukuma mfuko nje ya mstari, na wale mabingwa wa mjini wakasogeza madebe yao mbele kama hawakuona. Yeye aliona. Akasimama, akafungua mdomo, Kiswahili hakikutoka, akakaa. Mimi nina mdomo, Mungu ndiye aliyenipa, sikuuomba. Niliinuka nikawaambia vizuri sana watu wale, nikaurudisha mfuko mahali pake. Wala si kwa wema, asikwambie mtu. Nilijua wakishamruka aliye nyuma yangu, kesho wataniruka mimi.

Siku iliyofuata ya kusaga akaja moja kwa moja akakaa karibu yangu. Akaniita "Foleni." Nikacheka, nami nikamwita Foleni. Likawa jina letu, la wote wawili, na hatukupata jingine. Nilimuuliza mara moja mji wao ni wa nani, mumewe anaitwaje, akaweka kiganja mdomoni. Mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa hatamki majina ya ukweni, na boma hujulikana kwa jina la mwanamume, kwa hiyo nikawa sijui ametoka boma gani zaidi ya kuonyeshwa kwa kidole upande wa Gehandu. Sikuona shida. Nilijua atakapokuwa siku ya kusaga, na yeye alijua nitakapokuwa. Kulikuwa na haja gani ya zaidi?

Tuliongea nini? Karibu hakuna. Kiswahili changu cha wakati ule kilikuwa cha shule ya msingi na chake kilikuwa cha mnadani: bei, maji, njoo, ng'ombe, mgonjwa. Kiiraqw changu hakukijua, na Kibarabaig chake kwangu kilikuwa kama mvua kwenye bati. Yeye alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, mimi nilileta makande. Tulikula, tukafuta mikono, tukategemea ukuta, tukatazama Mlima Hanang ukivaa wingu na kuvua. Injini ikiwaka, ukuta ulitetemeka mgongoni, na mtoto wake alilala hapo hapo. Watu wananiambia urafiki ni maongezi. Mimi nimeongea na watu wengi maisha yangu, na sijapata kutulia na mtu kama nilivyotulia na yule mama tukiwa tumenyamaza.

Siku moja aliuliza kwa mikono mume wangu anafanya kazi gani. Nikashika usukani wa hewani, nikanguruma kama trekta, nikaonyesha upande wa mashamba ya ngano. Nilikuwa natania. Akasema taratibu, neno moja moja, "Pale ngano. Pale mimi nilizaliwa." Nilijua kwamba watu wake walichungia kule kabla ya matrekta, kila mtu alijua, ila sikuwahi kukaa karibu na mtu anayejua kwa namna hiyo. Nikangoja ainuke ahamie upande mwingine wa ukuta. Alisogeza kibuyu kuelekea kwangu. Nikanywa. Hatukuligusa tena jambo lile.

Mama yangu kule juu aliposikia nina rafiki Mbarabaig alishika kiuno. Kwa wazee wa kwetu, Mbarabaig alikuwa mtu wa mkuki na wa kuiba ng'ombe usiku. Nikamwambia mama, huyu wangu hana mkuki, ana punda mmoja mvivu. Hakucheka.

Basi mashamba ya ngano yakaanza kufifia. Serikali ikasema itauza, itabinafsisha, kila mtu na neno lake. Matrekta yakaegeshwa, nyasi zikaota kwenye magurudumu, na mume wangu akarudi nyumbani siku za katikati ya wiki hajui aweke wapi mikono yake. Akaugua kifua. Hakukaa sana. Tukampandisha Nambis kwenye lori, tukamzika nyumbani kwao, penye ukungu.

Kwetu mtu aliyefiwa na mwenzake anatengwa. Tunaita metimani. Siyo adhabu, na siyo kwamba hupendwi. Unakaa kwako, huendi kwa watu, huchoti maji wanapochota wengine, na hakuna anayekusogelea mpaka muda uishe. Dini ilipoingia mambo hayo yalipungua, lakini mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kanisa asubuhi na wa mila mchana. Nikakaa metimani masika yote na baada yake. Ilipokwisha, yeye mwenyewe alinizungusha nyumba hata nyumba. Nilisalimia mimi kwanza, ndiyo taratibu, nikapewa maji ya kunywa kila mlango, na siku ya kuondoka akanifunga kichwani kitambaa chake cheusi cha sufu. Tukasali. Nikashuka Katesh nikijua nimemaliza.

Stendi walinisalimia wote kama niliyetoka sokoni. Mjini hakuna aliyeshika mambo ya metimani. Nikaweka mzigo ndani, nikachukua debe tupu bila mahindi, nikaenda mashineni. Nilitaka tu kukaa. Nilikuwa nimebeba kilio changu miezi yote ile na niliona mahali pa kukitua ni pale, kwenye ukuta, karibu na mtu asiyetaka maneno.

Ukuta haukuwepo. Mkoa wa Manyara ulikuwa umezaliwa, makao makuu Babati, na hata huku kwetu watu walipatwa na homa ya viwanja. Wapimaji walipita, alama nyekundu za X zikapigwa kwenye kuta, na yule mzee Mrangi akauza, akarudi kwao Kondoa. Kulikuwa na msingi umechimbwa na kokoto. Mama aliyeuza vitumbua hapo jirani akaniambia, "Yule Mbarabaig wako alikuja sana. Mzee alimweleza umefiwa, uko kwenu umetengwa. Akawa anakuja tu, anasimama, anaondoka."

Nikajua nitampata mnadani, maana Katesh yote na tambarare yote hukutana mnadani. Na nikampata. Alikuwa upande wa wauza chumvi, ameshika punda. Aliniona vizuri, macho kwa macho. Halafu akainamisha uso, akamvuta punda pembeni, akaniachia njia, pana, ya kupita gari. Nikasimama. Nikangoja ainue uso. Hakuinua.

Nisiseme uongo, iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikatafuta sababu nikazipata nyingi: ngano, ujane, mumewe amemkataza, au mimi nilikuwa wa mashineni tu na mashine haipo. Na mimi nina hasira za kwetu juu, hazipigi kelele, zinaganda. Nikapita njia niliyoachiwa, shingo imenyooka. Mnada uliofuata ikawa vile vile. Na uliofuata. Ananiona, anainama, anapisha. Nami napita nimefunga kitambaa changu cha sufu, kizuri, kilichozuia vumbi kuliko khanga yoyote, nilikivaa miaka na miaka mpaka kikaisha. Baadaye sikumwona tena. Watu wengi wa tambarare walikuwa wanahama na ng'ombe kwenda kusini, malisho yameisha, na nikasema aende salama.

Mji ukakua. Umeme ukaja na mashine za kusaga zinazomaliza debe kabla hujakaa, na unga wa paketi madukani, mweupe kama dawa, na lami, na simu. Siku hizi hakuna mwanamke anayesubiri mwenzake mahali popote. Kila mmoja ananunua paketi yake anaingia ndani anafunga geti. Wanangu wakakua, wakaondoka, wako Arusha na Dodoma, wanapiga Jumapili. Nilijiunga na kwaya ya akina mama, wema wote, wanaongea bila kupumzika. Nilikuwa narudi nyumbani masikio yamechoka na moyo una njaa. Nilimkumbuka kwa hasira, miaka yote hiyo. Ajabu ni kwamba hasira nayo ni namna ya kukaa na mtu.

Halafu mwaka juzi mnadani, mama kijana anayeuza mashuka na shanga alinikazia macho. Nikamkazia yangu. Akaacha biashara, akaja, akasimama hatua kadhaa mbele yangu bila kusogea zaidi. Shaba za mkononi zilikuwa zile zile, nilizijua.

"Mama," akasema. "Mimi ni mtoto wa yule mliyekuwa mnasaga naye. Nisamehe kama nakosea. Umemaliza msiba?"

"Msiba gani mwanangu?"

"Wa baba, mume wako. Mama alituambia tusikusogelee wala tusikuanze salamu mpaka wewe utakapoanza. Alisema yule mama ana kitambaa cheusi bado, kwao ndivyo wanavyokaa, akimaliza atanisalimia mwenyewe. Kila tukirudi kutoka mnadani alikuwa anauliza, amevua? Tunasema bado. Leo nakuona huna."

Nilikaa chini. Pale pale, kwenye vumbi, mtu mzima na heshima zangu. Kule Nambis nilizungushwa nyumba hata nyumba, nikasalimia hata watu nisiowapenda, na haikunipitia kichwani kwamba kulikuwa na mlango mmoja huku chini unaongoja. Kitambaa mimi nilivaa kwa ajili ya vumbi. Yeye alikisoma kuwa ni cha msiba, kama mtu aliyefundishwa vizuri kwao anavyosoma, akanipa heshima mnada hata mnada, na mimi heshima ile nikaiita dharau. Nililia, na yule binti akachuchumaa, bado kwa mbali, hajui kama anaruhusiwa kunishika.

"Yuko wapi?"

"Lindi huko, kwa kaka. Ng'ombe wapo, ila haoni vizuri siku hizi."

"Mzima?"

"Mzima."

Akatoa simu kifuani, akampigia kaka yake, wakaongea Kibarabaig kwa haraka. Akaniambia ngoja, anampelekea, yuko kwenye kivuli. Nikasikia hatua, kengele za ng'ombe, mtu akielezwa jambo. Binti akaniwekea simu sikioni.

Sikujua nianzie wapi, ila safari hii nilijua nani anapaswa kuanza. "Foleni," nikasema. "Habari za siku nyingi."

Nikasikia pumzi. Halafu sauti nzito, ya kizee, ya mtu asiyeamini kile kidude, "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Zamani."

"Haya," akasema. "Vizuri."

Na hapo maneno yakatuishia. Kiswahili changu kimekuwa kirefu siku hizi, ningeweza kumweleza yote, kitambaa, hasira, gesti. Sikutaka. Nilifumba macho. Kule Lindi kengele zililia mara moja moja na pumzi yake ikapanda na kushuka, haina haraka, vile vile kabisa, na mimi nikaegemea gunia la mtu na kutulia, kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu. Alikuwepo. Tulikuwa tumekaa.

Binti aliinamisha kichwa, akasikiliza, hakusikia mtu akiongea. Akaichukua simu taratibu kutoka sikioni mwangu.

"Pole mama," akasema, "huko kwao mtandao ndivyo ulivyo, umekatika." Akabonyeza, akaifuta kwa shuka, akairudisha kifuani.